Sherehe Yenye Ukuta Katikati

Kosa langu lilikuwa hili: nilipanga mama mkwe na mkwe wake wakumbatiane mbele ya watu, kisha walishane keki. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, nikabandika karatasi ukutani karibu na kitabu cha kutia sahihi, halafu nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imenyooka. Ilikuwa imenyooka sana.

Msomaji wa kwetu hapo ameshika kichwa. Wa mbali nimweleze kwamba kwetu mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupinda kando kana kwamba amekumbuka kitu alichosahau shambani. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Mimi nimezaliwa Chekalini, mila hiyo niliijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Ambacho sikujua ni kwamba wale wawili ni mtu na mkwewe. Wenzangu wote kazini walijua. Mlinzi tuliyeletewa mwezi uliopita alijua, na yeye hata choo alikuwa bado anakiulizia.

Kampuni yetu iko pembeni mwa mji wa Kakamega. Tunatengeneza chakula cha kuku na cha ng'ombe, na yeyote anayefanya kazi kwetu anatambulika kanisani kwa harufu ya omena na molasi. Mimi ni karani wa stoo. Nilimaliza kidato cha nne, nikapewa daftari na funguo, na tangu siku hiyo sijaona sababu ya kutafuta kingine, maana stoo ina kiti na kiti kina mto. Jioni ninaondoka kwenye kiti hicho ninaenda kwenye kiti changu cha nyumbani. Mwaliko ukija, natoa mchango upesi kuliko mtu yeyote, halafu siendi. Nimechangia harusi ambazo sura za maharusi wake sizijui. Nimechangia ubatizo wa watoto ambao siku hizi wana ndevu. Ukinitafuta Jumamosi, nipo: redio inazungumza, mimi nasikiliza, na kati yetu hakuna anayemkatiza mwenzake.

Ndiyo sababu meneja alinichagua mimi kupanga sherehe ya wafanyakazi ya mwisho wa mwaka. Meneja wetu ni mama aliyetoka mbali, mambo ya huku hajayazoea yote, na alisema kwamba mtu asiyependa sherehe hatapendelea upande wowote. Nililipokea neno hilo kama cheo. Vijana walitaka tupande hadi Buyangu, tukale msituni. Nikasimama kwenye mkutano nikawaambia mvua ya saa tisa haijui kama ni Krismasi, na nyani wa Buyangu hawangoji kukaribishwa mezani. Nikashauri tufanyie stoo. Ukweli ni kwamba nilitaka sherehe iwe hatua kumi kutoka kwenye kiti changu, lakini hilo sikulisema. Walinyoosha mikono, nikashinda, na hapo ndipo nilianza kujiona mtu wa mipango.

Sherehe ya mwaka huo ilikuwa na uzito wake. Mama aliyesimamia mashine ya kuchanganya alikuwa anastaafu. Nilimkuta pale nilipoajiriwa, na hata waliomkuta kabla yangu walikuwa wameshaondoka. Alikuwa na mazoea ya kuchota konzi moja ya chakula kutoka kila mchanganyo, anaunusa, anausugua viganjani, na kama haukumridhisha mashine inazungushwa tena, hata meneja awe amesimama hapo na saa mkononi. Sherehe ndiyo ingekuwa ya kumuaga, kwa hiyo nilitaka iwe nzuri kweli. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kupita kiasi.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimewaona mama huyo na dereva wetu wa lori hawasalimiani. Dereva ni kijana mpole, anacheka na kila mtu. Lakini akifika langoni anapiga honi mara mbili fupi, na mama anaacha mashine anaingia chumba cha ndani. Lori likishapakiwa na kuondoka, anatoka. Wakati wa chai, dereva anakunywa yake nyuma ya lori, amesimama. Tena wapakiaji walikuwa na tabia ya kuacha safu ya magunia ya pumba imesimama katikati ya stoo, kati ya mashine na mlango wa kupakia, mahali ambapo haina kazi yoyote. Kila Ijumaa niliamuru iondolewe. Kila Jumatatu ilikuwa imerudi. Nikaandika kwenye daftari: uzembe.

Nikaunganisha mambo hayo kwa kichwa changu cha kidato cha nne nikaamua kwamba wale wawili wamekosana vibaya, na kwamba mtu wa kuwapatanisha amepatikana. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi watu wanavyopeana zawadi wawili wawili. Badala ya kupiga kura ya vijikaratasi, nikapanga majina mwenyewe. Kila mmoja angempa mwenzake zawadi, amkumbatie, amlishe kipande cha keki. Mama wa mashine nikampanga na dereva, na nikawaweka wa mwisho, ili machozi ya upatanisho yatiririke wakati soda zinafunguliwa.

Asubuhi niliyoibandika karatasi, watu walisoma wakaenda kazini bila kucheka. Hilo lilinishangaza, maana karatasi zangu huwa zinachekesha. Mimi ni mtu wa utani kazini, hakuna asiyejua. Nimewahi kumwandikia mpakiaji mmoja barua ya onyo kwa kosa la kunenepa bila ruhusa, akaibandika kwake sebuleni. Siku hiyo mpakiaji yuleyule alisoma hadi mwisho, akanigeukia, akasema taratibu, "Karani, hii umezidisha." Nikadhani anaongelea keki.

Mama alisoma baada ya chai. Alimaliza mchanganyo wake, akanusa konzi ya mwisho, akakunja aproni yake mara nne, akaiweka juu ya mashine. Akamwambia meneja kwamba kazi ataimaliza hadi siku yake ya mwisho, ila kwenye sherehe asihesabiwe. Meneja akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kwa uhakika wote kwamba ni ile hasira ya zamani inatoka, na ikitoka yote atapona.

Jioni nikampitia jirani yangu. Ni mama mshonaji wa mlango wa pili, mjane, anayeweka cherehani yake barazani tangu asubuhi hadi jua linapomwacha. Mambo ya mji yote hupita kwake, mimi huyapata kwake bila kutoka kwenye ploti. Nikamsimulia habari ya maadui wangu wawili. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Karani," akasema, "yule dereva ameoa msichana wa yule mama. Nguo za wasimamizi nilishona mimi. Na wewe ulitoa mchango, jina lako lilisomwa."

Nilikaa kwenye ngazi yake. Nikakumbuka Jumamosi ya harusi hiyo: nilikuwa nyumbani, nasikiliza mpira. Nikakumbuka honi mbili. Nikakumbuka ile safu ya magunia niliyoibomoa kila Ijumaa kwa miaka miwili, na wapakiaji wakairudisha bila kunijibu, wakidhani najua na nafanya ukaidi wangu tu. Basi hata karatasi walidhani ni mzaha. Mama alikuwa ameamini kwamba katika wiki yake ya mwisho, mbele ya watu wote, karani amemgeuza yeye na mume wa mtoto wake kuwa kichekesho. Jirani hakunifariji. Aliniuliza tu nangoja nini kwenye ngazi yake.

Asubuhi ya Jumapili, saa ambayo kwa kawaida ninamenya kitunguu bila haraka, nilikuwa Shianda, kwa mama wa mashine. Nilivaa suruali ya mahojiano ya kazi, iliyokuwa imenibana kwa kukosa mahojiano. Nilibeba mkate, sukari na majani ya chai. Nyumba yake iko nyuma ya soko, miwa imeizunguka pande tatu, na nilipofika alikuwa anaanika njugu. Alinikaribisha kama mgeni yeyote, maana mgeni hafukuzwi hata akiwa mjinga. Nikamweleza kila kitu, kwamba sikujua, kwamba niliona wamekosana. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akacheka kidogo, puani, bila furaha.

"Yule kijana akiniona akazunguka nyuma ya lori," akasema, "mimi hutembea kichwa juu siku nzima. Najua mtoto wangu ameolewa na mtu. Wewe ukaona ugomvi."

Nikamwomba aje. Nikamwambia karatasi nimeichana. Akaniambia shida si karatasi tena. Tangu mwanzo walikuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba dereva siku hiyo atapata safari ya mbali, asiwepo, wala mtu asiulize. Sasa kwa sababu yangu jambo limetajwa hadharani, na dereva asipokuja itaonekana yeye mama amemfukuza kijana kwenye chakula cha mwaka. Hilo hangelivumilia. Afadhali yeye abaki Shianda na njugu zake. Alinifungia njugu kwenye karatasi nipeleke nyumbani, na hapo ndipo niliona aibu zaidi, maana zilikuwa nyingi.

Jumatatu nikamfuata dereva nyuma ya lori, kikombe mkononi. Kabla sijafungua mdomo akaniambia ameshamwomba meneja ampe mzigo wa Jumamosi, siku ya sherehe. Hawezi kukaa anakula kuku wakati mama amebaki nyumbani kwa ajili yake. Nikamwambia mama naye amekataa kuja ili yeye ale. Akatikisa kichwa, akasema ndivyo mama alivyo, na kwamba basi wao wawili hawatakuja, sisi wengine tule tu. Alilisema bila uchungu, kwa adabu, kana kwamba ananisaidia kupunguza idadi ya sahani.

Nilirudi kwenye kiti changu, na kwa mara ya kwanza mto haukunisaidia. Siku tano kabla ya sherehe ya kumuaga mtu, anayeagwa hayupo. Meneja alipendekeza tule kwa zamu mbili. Nikamwambia mtu hawezi kuagwa kwa zamu. Akapendekeza tuahirishe hadi Januari. Lakini Januari mama hatakuwa mtu wetu tena, atakuwa mgeni, na mgeni huketishwa sebuleni akaulizwa habari za safari. Alitakiwa aagwe palepale alipochanganya chakula, na waliokibeba.

Nikainuka nikazunguka stoo. Safu ya pumba ilikuwa pale, imerudi tena, kimo cha mtu. Upande huu mashine. Upande ule mlango wa kupakia. Nilisimama upande wa mashine nikamsikia dereva anaongea na wapakiaji upande wa pili. Nilisikia kila neno, na sikumwona hata kofia. Nikamwita mpakiaji wa barua ya onyo, nikamwambia leo ninataka magunia zaidi, safu irefushwe kutoka ukuta hadi ukuta, ibaki nafasi ndogo tu ya kupitisha sahani. Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akisoma. Kisha akawaita wenzake. Walijenga kwa nusu saa, na walijenga vizuri ajabu, bila kuulizana. Walikuwa na mazoezi ya miaka miwili.

Nikapanga meza ndefu mbili, moja kila upande, zikitazamana kupitia ukuta. Siku ya mwisho ya mama kwenye mashine ilikuwa Ijumaa iliyopita, kwa hiyo nikatuma ujumbe Shianda kupitia mpakiaji anayetoka huko, kwamba kuna sherehe moja, paa moja, jiko moja, na macho hayatakutana. Jibu lilirudi kesho yake. Mama aliuliza ukuta una kimo gani. Nikapima, nikaongeza safu moja zaidi, nikamtumia jibu.

Jumamosi saa sita mchana alikuja. Alivaa kitenge cha kijani na viatu ambavyo stoo haijawahi kuviona, akaingia kwa mlango wa mashine. Lango lilikuwa kimya kitambo, halafu tukasikia honi mara mbili fupi, ingawa hakuna lori lililokuwa likiingia. Dereva alikuwa amekuja kwa miguu, akaingia kwenye lori lililoegeshwa nje akapiga. Watu wa upande wetu walicheka. Mama hakucheka, lakini alijirekebisha kitini kama mtu aliyeamkiwa.

Tulikula obusuma, ugali wetu wa huku, na kuku, na mboga ya mrenda iliyopitishwa kwenye ile nafasi hadi mikono ikateleza. Mimi nilikuwa mtu pekee wa pande zote mbili. Nilipita na sahani, nikapita na chumvi, nikapita na salamu, na pumba zilinishika nywele hadi nikafanana na mandazi yaliyopakwa unga. Wengine waliopangwa wakakumbatiana, keki ikaliwa, na mlinzi mpya akamkumbatia meneja kwa woga kama anayebeba mayai. Meneja alisema maneno mazuri, mafupi. Ndipo upande wa pili kiti kikasogezwa, na dereva akasimama. Hatukumwona. Tulijua kwa kimya cha wapakiaji.

Hakusema na mama. Alisema na mimi, nami nilikuwa nimesimama kwenye ile nafasi, mguu huku, mguu kule.

"Karani, mwambie mama kila gunia nililobeba nilijua mkono uliolichanganya. Hakuna hata moja nililorudishiwa."

Nikageuka nikamwambia mama, neno kwa neno, ingawa alikuwa amesikia kila kitu, na stoo nzima ilikuwa imesikia. Mama alitazama magunia mbele yake.

"Mwambie ile honi sitaacha," dereva akaendelea. "Hata akishaenda, nikifika langoni nitapiga."

Nikapeleka.

"Mwambie asipige sana," mama akasema. "Betri ni ya kampuni."

Wote wakacheka, huku na kule, na kicheko kilipanda juu ya magunia kikakutana huko darini. Nilidhani ndiyo mwisho, nikaanza kutafuta kopo la soda. Lakini mama aliniita kwa kidole, nikainama, na kelele zilipopungua akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho, "Na umwambie kwamba binti yangu hakukosea."

Mtu anayenijua atashangaa kusikia kwamba mdomo wangu ulikataa. Nilipolifikisha hatimaye, dereva alikuwa ameketi, kofia mapajani, anatazama sakafu. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanipa blanketi lililofungwa kwa kamba ya magunia, zito, la rangi ya maziwa, nikalibeba hadi kwa mama. Hakulifungua. Aliliweka mapajani akalikumbatia hivyohivyo hadi gari la kumrudisha Shianda lilipofika, na siku hiyo hakuna aliyekumbatiwa vizuri kuliko lile blanketi.

Mvua ya saa tisa ilikuja kwa wakati wake. Nilirudi nyumbani nimelowa, nimejaa pumba, nimejaa sifa. Meneja alikuwa amenishika mkono. Wapakiaji walikuwa wameniita mhandisi. Njia nzima nilikuwa nikijisimulia hadithi hiyo, kila kona nikijiongezea hekima, hadi nilipofika kwenye ploti nilikuwa nimeshakuwa mpatanishi wa mataifa.

Mvua ilikuwa imekatika na jirani yangu alikuwa ameitoa tena cherehani barazani, anamalizia sare ya mtoto. Nilisimama mbele yake nikamweleza yote, ukuta, kimo chake, safu niliyoongeza, jinsi nilivyosimama katikati nikawaunganisha watu wawili ambao bila mimi wasingekula pamoja wala kusikizana. Nilimweleza kwa mikono pia. Alikata uzi kwa meno, akaniangalia kutoka kwenye nywele hadi viatuni.

"Wale wawili walikuwa wanaelewananga vizuri bila wewe. Umebomoa, umejenga, sasa unataka nikupigie makofi? Hebu sogea, unanizuilia mwanga."